Bibi Shamba na Mfuko wa Mvua

Bibi Shamba hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Mvua. Hata siku ya msiba wangu alisimama mlangoni, amejitanda khanga, akasema, "Pole, Mvua," na wazee wa msikitini waliokaa mkekani wakatazamana. Hakuna aliyeuliza maana yake. Nami sikueleza, kwa sababu siku ile sikuwa na maneno ya kumpa mtu.

Jina lilitokana na kazi aliyonipa. Mimi ni dalali wa mahindi pale Kibaigwa, soko lililo kando ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Kazi yangu ni kusimama kati ya mkulima aliyeleta gunia na mfanyabiashara aliyeleta lori, kisha kuondoka nikiwa nimelaumiwa na wote wawili. Siku aliyonijia ilikuwa kiangazi. Alipita katikati ya magunia na buti zake za mpira zilizojaa vumbi, akasimama kwenye kijiwe chetu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia choo:

"Natafuta mtu ambaye wakulima wote wanamchukia sawasawa."

Vijana wote wakaninyooshea vidole. Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Una shamba?"

"Sina."

"Ng'ombe?"

"Hata kuku sina, Bibi Shamba."

"Wakwe zako wanalima?"

"Wakwe zangu wanauza vitambaa mjini. Sisi ni watu wa duka tangu enzi za misafara."

"Basi utanifaa," akasema. "Jumamosi uje na kofia. Tunakokwenda hakuna kivuli."

Nilikwenda kwa udadisi tu, nikidhani ni mambo ya bei. Kumbe ulikuwa mchezo. Niseme wazi, kwa sababu hadi leo wapo wanaodhani Bibi Shamba alikuwa akienda vijijini kutoa semina. Semina alizichukia. Alisema mtu ukimhubiria habari za njaa ataitikia ndiyo, atapokea soda yake, kisha atakwenda nyumbani kuuza mtama wote. Yeye alifagia kipande cha ardhi kwa tawi, akawakalisha watu duara, akampa kila mmoja kibakuli cha plastiki chenye punje za mtama. Kibakuli kile ndicho kaya yako. Katikati aliweka kopo tupu la maziwa ya unga.

Kila duru ilikuwa mwezi mmoja. Kila mwezi ulitakiwa uchote punje za kulisha nyumba yako, uzitie ndani ya kopo, na kopo lilitoa mlio mkavu ambao kila mtu aliusikia. Zilizobaki uliamua mwenyewe: uziuze, upikie pombe, utoe mahari, uziweke akiba, au uzifukie kwenye vumbi mbele yako ziwe mbegu. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Niliingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa nikachomoa kizibo cha soda. Kizibo kisafi kilikuwa mvua, na mbegu zako zilirudi zikiwa zimeongezeka. Kizibo kilichopakwa masizi kilikuwa ukame, na mbegu zilibaki hukohuko vumbini. Aliyeishiwa kabla ya mavuno hakufa. "Kufa wanakujua, sina haja ya kuwafundisha," alisema. Aliyeishiwa alihama, aliinuka na kibakuli chake akakaa nje ya duara, akawatazama wenzake wakiendelea.

Ungeshangaa jinsi watu wazima walivyokuwa hawataki kuinuka pale. Nimemwona diwani akibishana habari ya punje kama mtoto anyang'anywaye gololi.

Mfuko ule aliushona mke wangu, kwa kipande cha kitenge kilichobaki dukani kwa kaka zake, cha kijani chenye maua ya njano. Vizibo alivipaka masizi binti yetu Zainabu, wakati huo yuko shule ya msingi, amekaa jikoni na mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Bibi Shamba alipokuja kuvichukua alivikagua kimoja kimoja. Vilivyopakwa vibaya alimrudishia. Zainabu alinuna, lakini akarudia, na tangu siku hiyo akawa kila akimwona yule mama anamwamkia kwa adabu ya pekee, shikamoo ya kuinama kabisa, ambayo hata shangazi zake hawakuipata.

Sharti la kwanza la Bibi Shamba lilikuwa hili: mvua haina uso. Alisema wakulima ni watu waliozoea kutazama juu na kubashiri, kwa hiyo wakikosa mbingu watatazama uso wa mwenye mfuko. Ukikunja paji kidogo tu, watabadilisha mipango. Alinifanyisha mazoezi barazani kwangu. Nachomoa kizibo, ananitazama. Nachomoa kingine, ananitazama. Jicho likicheza, nirudie. Mke wangu alikuwa akipita na chai anacheka, anasema, "Bibi Shamba, huyo ukimaliza kumkausha utanirudishia mume gani?"

"Nitakurudishia huyuhuyu, mama Zainabu. Ila atakuwa anakushinda kwenye karata."

Mwanzoni nilikuwa na huruma. Kulikuwa na mama mmoja mjane, kila akipanda anapata ukame, nikaanza kupapasa vizibo kwa kidole gumba, maana vyenye masizi vina unga unga. Nikamtolea kisafi. Bibi Shamba hakusema kitu mbele za watu. Tulipokuwa tunakung'uta mkeka akaniambia, "Ukimwonea huruma hapa, kule shambani nani atamwonea? Hapa ndipo mahali pa kukosea. Mchezo unarudiwa. Njaa ya kweli hairudiwi." Basi nikaacha kupapasa. Baada ya misimu kadhaa sikuwa na haja ya kujizuia tena. Uso ulikuwa unakaa wenyewe.

Alikuwa mtu wa kanuni, lakini kanuni zake nyingi zilitungwa na watu waliomgomea. Upande wa Chemba mama mmoja alikataa kabisa kucheza.

"Mchezo huu wa uongo," akasema.

"Uongo wapi, mama?"

"Mavuno mpaka mavuno, hajaja mgeni hata mmoja? Hao ni watu gani wasio na ndugu?"

Watu wakapiga makofi. Bibi Shamba akaketi, akatafuna ncha ya tawi lake la kufagilia. Mara iliyofuata mfukoni kulikuwa na vizibo vyenye alama nyekundu, na kimoja kikitoka kila kaya inalisha mgeni mwezi huo. Mfugaji mmoja naye akauliza ng'ombe wake wako wapi, akaokota kokoto akaziweka mbele yake, na kokoto zikaingia mchezoni. Wanaume walipozidi kuwaamulia wake zao, akawapa wanawake vibakuli, na kila mume akakaa nyuma ya mkewe na kijiti mdomoni. Kijiti kikianguka, kaya inatozwa. Nilishuhudia mzee mzima akitokwa jasho kwa kuuma kijiti huku mkewe akigoma kuuza mtama. Kaya ile ilifika mavuno ikiwa na akiba. Mzee alipotoa kijiti alisema, "Bahati tu," na mkewe akamwambia akirudishe mdomoni.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Hakuwaambia watu jibu. Aliwaacha wacheze msimu mmoja wakaharibikiwa, kisha akauliza swali moja: "Turudie?" Wakarudia, na safari ya pili walikuwa wanabishana wao kwa wao: nani auze lini, mbegu zigawanywe vipi, wafugaji wapite wapi. Yeye alikuwa anamenya karanga pembeni kama hayamhusu.

Watu wakisikia habari zake namna hii wanadhani alikuwa mtakatifu. Hapana. Alikuwa mchoyo wa sukari mpaka aibu. Kwake chai ililetwa imeshakorogwa, na kijiko hukukiona. Kwenye karata aliiba waziwazi, na ukimkamata anakuuliza kama umekuja kucheza au kupeleleza. Kushindwa hakukuweza kabisa. Na shamba lake mwenyewe huko Msalato lilikuwa aibu ya idara nzima, magugu kiunoni, mtama umekonda katikati. Nilimtania siku moja kwamba wakulima wake wakiliona shamba lile watadai kurudishiwa muda wao. Akajibu kwamba kinyozi hajinyoi mwenyewe, na mada ikafungwa.

Kuna kijana mmoja afisa aliyeletwa ofisini kwao, mpole, hodari wa kompyuta, akautengeneza mchezo ule uchezwe kwenye simu. Bibi Shamba alimponda kila mahali. Simu haina vumbi, alisema. Simu haisikii kopo. Lakini nilikuwapo siku wanafunzi wa sekondari walipoucheza, darasa zima limeinamia simu, wanasukumana, wanapanga akiba kwa makundi, na nilimwona amesimama dirishani kwa nje anawachungulia. Alikaa pale mpaka kengele. Kisha akaniambia njiani, kwa hasira, "Wameelewa." Aliona wivu, na hakujua aupeleke wapi.

Lakini jambo linalonifanya nimkumbuke Bibi Shamba lilitokea kijiji kimoja mbele ya Chemba, mwaka wa mvua mbaya. Alikuwapo mzee aliyevaa koti zito juani, amelifunga vifungo vyote. Alicheza kwa utulivu. Mimi nilikaa karibu na kopo kuliko wote, na niligundua mapema: mkono wa yule mzee unaingia kwenye kibakuli, unafumba, unakwenda juu ya kopo, unafumbuka, na kopo halilii. Kibakuli chake kilikuwa kitupu. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Alikuwa anatia mkono mtupu, taratibu, bila haraka, kama mtu anayelisha watoto wake kweli. Alifika mavuno bila kuhama. Wenzake wakampigia makofi, wakamwita mtu wa akiba.

"Mzee, umefanyaje?" Bibi Shamba akamwuliza.

"Nimejibana tu, mwanangu."

Hakumbishia. Watu walipotawanyika, alimfuata mpaka kwake kwa kisingizio cha kuomba maji ya kunywa, nami nikaenda naye. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, mwingi, wa kuonekana kijiji kizima. Chungu kilikuwa jikoni, kimefunikwa. Mke wa mzee alitukaribisha kwa heshima zote, "Mbukwenyi," tukaitikia, akachukua kata, akafunua kile chungu, akatuchotea. Maji yalikuwa ya moto. Ndani ya chungu hakukuwa na kitu kingine, na pale uani hakukuwa na chungu kingine. Tuliyanywa hivyo hivyo, tukapuliza, tukashukuru.

Tulipofika barabarani Bibi Shamba akasimamisha gari.

"Uliona kopo halilii?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu katikati ya mchezo."

"Mbona hukusema?"

"Mvua haisemi, Bibi Shamba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Alishuka, akasimama kando ya gari, ameipa barabara mgongo. Nilidhani analia. Aliporudi macho yalikuwa makavu. Akawasha gari, akasema, "Nimekufundisha kupita kiasi." Baadaye kijiji kile walianza kuweka debe la kila kaya kwenye stoo ya shule, na yule mzee alipata. Lakini hayo aliyapanga na viongozi, mimi sikuhusishwa.

Mimi nilichokiona ni kanuni mpya. Kuanzia siku hiyo, aliyeishiwa hakuruhusiwa kukaa kimya. Alitakiwa ageukie kaya ya jirani, aseme kwa sauti, "Hodi." Jirani ajibu karibu, aulize, "Una shida gani?" Naye aseme, "Nimeishiwa." Hapo ndipo jirani angeweza kutoa, na bila hodi hakuna kutoa. Rahisi hivyo. Nimewaona watu waliokabiliana na simba wakishindwa kulitamka. Wanacheka, wanakohoa, wanasema eti huu ni mchezo tu. Wengine walipendelea kuinuka na kuhama, kuliko kusema hodi kwa punje za mtama ambazo si zao wala si za jirani.

Aliongeza na ya pili: kaya mbili zikishindwa zinaweza kuunganisha vibakuli, wakala pamoja. Hiyo haikutumika. Kila mara watu walikwama kwenye swali moja, kibakuli cha nani kitakaa juu. Katika miaka yote niliyobeba mfuko sikuona kaya hata moja ikiunganisha.

Mke wangu alifariki kwa presha, ghafla, akiwa anaanua nguo. Sina mengi ya kusema hapo. Tulimzika siku hiyohiyo kabla ya magharibi. Watu walinishika mabega, wakalia, nami nikasimama katikati yao nikisubiri kitu kije, na hakikuja. Nilikuwa na ganzi, kama mguu uliolaliwa vibaya. Nilijua kilichotokea. Nilijua nimempoteza nani. Lakini uso ulikaa wenyewe.

Msiba ukiendelea, simu yangu ililia. Lori lilikuwa limefika Kibaigwa na mahindi ya watu yako juani. Nilipokea. Nikaongea bei, nikaongea turubai, nikaelekeza nani apakie. Nilipokata simu Zainabu alikuwa nyuma yangu na sinia la vikombe.

"Baba," akasema, "mama yuko kaburini hata udongo haujakauka, wewe unaongea bei ya mahindi. Na sauti ileile."

Aliendelea kunitazama, akitafuta kitu usoni kwangu, kama wale wakulima. Hakukipata. Baada ya arobaini alirudi kwake Nkuhungu, anakopanga, karibu na njia ya magari ya kazini kwake, na hakuja tena nyumbani. Salamu alinitumia kupitia mjomba wake. Sikukuu alinitumia kanzu mpya kupitia mtu mwingine. Yeye ndiye mtoto wangu wa pekee, na nilijua kabisa kwamba nikiendelea hivi nitamkosa, kama unavyojua gari linaondoka ukiwa umekaa kwenye benchi. Nilijua, na sikuinuka.

Bibi Shamba alikuwa amekwisha staafu wakati huo. Pale msibani alikaa na wanawake mpaka mwisho, na kila nilipopita mlangoni nilimkuta ananitazama vilevile alivyokuwa akinitazama wakati wa mazoezi. Tofauti ni kwamba safari hii hakuwa anaridhika.

Kisha tukapotezana. Nilisikia anaumwa sukari. Nilisikia amekatwa mguu, nikasema nitakwenda, sikwenda. Mpaka siku alipopiga simu mwenyewe.

"Mvua. Uje alasiri. Uje na mfuko."

Msalato imebadilika. Mashamba yamekuwa viwanja, vigingi kila mahali, malori ya kokoto yanapita kuelekea uwanja wa ndege mpya. Shamba la Bibi Shamba lilikuwa bado na magugu yake, na niliyatambua kabla ya kuitambua nyumba. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, khanga imemfunika miguuni, upande mmoja umelala bapa. Na kwenye mkeka, mbele yake, alikaa Zainabu.

Hakuna kati yetu aliyejua mwenzake ataitwa. Zainabu aliniamkia, nikaitikia marahaba. Akasema, "Bibi aliniambia amezidiwa."

"Nimezidiwa," Bibi Shamba akasema. "Kaeni."

Nilimpa pole ya mguu. Akaipuuza kwa mkono.

"Unajua ulivyokatwa? Nilikanyaga msumari. Nikatembea nao mpaka soksi ikagandia. Haukuniuma hata kidogo, Mvua. Sukari imeleta ganzi. Ungeuma ningeuokoa." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe mfuko. Leo mvua ni mimi."

Zainabu aliutazama mfuko ukipita mbele yake, kitenge kile cha kijani kilichopauka, na ushono wa mama yake pembeni. Vibakuli vilikuwa vimeshawekwa, kimoja kwangu, kimoja kwake, na kopo katikati.

Miaka yote nilikuwa sijawahi kushika kibakuli. Nilicheza vibaya sana. Nilipanda nyingi mno, kidalali, nikitegemea mvua. Bibi Shamba akachomoa cheusi, uso umetulia kama ukuta. Nikala kilichobaki. Nikapanda tena zile za mwisho. Cheusi tena. Zainabu alikuwa anacheza kwa kubana, kama mama yake kabisa, anachota kwa ncha za vidole.

Ukafika mwezi ambao kibakuli changu kilikuwa kitupu. Sijui niseme niliamua. Mkono uliingia, ukafumba, ukaenda juu ya kopo, ukafumbuka. Kopo halikulia. Duru ikapita. Mwezi mwingine, nikafanya vilevile, taratibu, bila haraka.

"Kopo halijalia," Zainabu akasema.

"Kanuni," Bibi Shamba akasema, bila kunitazama.

Kanuni naijua. Nimeisikia kijiji baada ya kijiji, nimewaona watu wakiikwepa, na moyoni nilikuwa nikiwashangaa. Nilijiambia ni punje za mtama. Nilikaa pale nikisikia lori likipita barabarani mpaka likaishilia, ndipo nikageuka kwa binti yangu.

"Hodi," nikasema.

"Karibu. Una shida gani?"

"Nimeishiwa."

Hapo ndipo kanuni inapokoma. Jirani anatakiwa atoe au akatae. Lakini Zainabu akauliza, "Umeishiwa nini, Baba?"

Nilimtazama Bibi Shamba aingilie kati. Hakuingilia.

"Nyumba haina mtu," nikasema. "Nikirudi natoa salamu mlangoni, haitikii mtu. Napika wali wa watu wawili, kila siku, sijui kupima wa mtu mmoja. Kulia sijalia. Nimejaribu, Zainabu, nimekaa kitandani kwake nimejaribu. Hakitoki kitu. Si kwamba hakimo."

Sikulia hata hapo. Lakini mkono wangu ulikuwa bado juu ya kopo, umefumbuka, mtupu, na binti yangu aliuona.

Aliinamia kibakuli chake. Punje zilikuwa chache, za kuvusha kaya moja tu, tena mvua ikikubali. Bibi Shamba alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni, na hautoki. Nilimtazama usoni, kwa mazoea ya kusahihisha. Midomo alikuwa ameibana na kidevu kinamcheza. Angekuwa ni mimi angeniambia nirudie.

"Chomoa, Bibi," Zainabu akasema.

Akachomoa. Kilikuwa cheusi.

Zainabu alikitazama kizibo kile, kimoja kati ya vile alivyovipaka yeye mwenyewe jikoni kwetu. Kisha akachukua kibakuli changu, akakifuta vumbi kwa pindo la khanga, akakiweka chini ya chake.

"Tumeunganisha," akamwambia Bibi Shamba. "Endelea."